Mfunga mikate aliyeandika filamu bila jina

Leo sina siasa wala mpira. Nataka kuwasimulia habari za mzee mmoja wa Marekani, Dalton Trumbo, aliyefariki mwaka 1976. Jina lake wengi hamlijui, lakini huenda filamu yake mmeiona, ile Spartacus ya watumwa wa Roma walioasi. Sababu ya kumfuatilia mzee huyu ni yangu binafsi, nitaisema mbele kidogo.

Trumbo alizaliwa mwaka 1905 Montrose, mji mdogo wa Colorado. Baba yake alikuwa anauza viatu kwenye duka la watu. Familia ikahamia Los Angeles, na mwaka 1926 baba akafariki. Kijana akabaki na mama na wadogo zake wawili wa kike. Chuo alisoma kidogo tu. Akaingia kiwanda cha mikate, zamu ya usiku, kazi yake kufunga mikate kwenye karatasi. Alikaa hapo miaka kama minane.

Muda aliokuwa hayupo kazini alikuwa anaandika. Katika miaka hiyo ya mikate aliandika riwaya 6 na hadithi fupi 88, na zote zilikataliwa. Jamani, 88! Mimi nimekataliwa mara tatu tu nikashindwa kula.

Mwaka 1934 ndipo akapata kazi kwenye kampuni ya filamu ya Warner Bros. Msidhani alianza kwa kuandika filamu. Alikuwa anasoma vitabu na kueleza kama vinafaa kutengenezewa filamu au la. Lakini ndiyo ilimtoa kwenye mikate. Miaka miwili baadaye skripti yake ya kwanza ikawa filamu, na mwaka 1940 akaandika Kitty Foyle iliyompeleka mpaka kwenye kinyang'anyiro cha tuzo ya Oscar. Ilipofika katikati ya miaka ya 1940 alikuwa miongoni mwa waandishi wa filamu wanaolipwa hela nyingi kuliko wote Hollywood. Yule yule wa zamu ya usiku.

Hapo ndipo mambo yakageuka. Mwaka 1943 Trumbo alijiunga na chama cha Kikomunisti. Mwaka 1947 kamati ya Bunge la Marekani ikawaita watu wa filamu kuwauliza kama ni wakomunisti. Trumbo na wenzake tisa wakagoma kujibu, wakaona hilo halilihusu Bunge. Wakashtakiwa kwa kulidharau Bunge. Mwaka 1950 akaingia jela Ashland, Kentucky, akakaa miezi kama kumi. Wakubwa wa kampuni za filamu nao walishakubaliana kwamba watu hao hawapewi kazi. Ukiwa kwenye orodha yao, jina lako halionekani kwenye filamu, basi.

Sasa mtu ana mke na watoto watatu, afanye nini? Alihamia Mexico kwa muda, akawa anaandika kwa siri. Mpango ulikuwa hivi: mwandishi mwingine asiye na matatizo anaazima jina lake, kampuni inamlipa yeye, halafu hela inamfikia aliyeandika kweli. Hadithi ya Roman Holiday ya mwaka 1953 aliiandika Trumbo, ila kwenye filamu likawekwa jina la rafiki yake, Ian McLellan Hunter. Ikashinda Oscar. Aliyetajwa ni Hunter.

Hapa ndipo sababu yangu ilipo. Mwaka juzi niliacha kibarua cha kuuza dukani nikasema naandika skripti, full stop. Mama hakunisemesha wiki nzima. Nikamkabidhi mtu mmoja hadithi yangu, kaunta buku zima. Filamu ikatoka. Nikakaa kibandani naangalia majina yanapita mwisho, mpaka la mama aliyepika chakula limo. Langu hakuna. Trumbo angalau alijua tangu mwanzo kwamba halitakuwepo, na rafiki yake alimpelekea hela!

Tuendelee. Aliporudi Los Angeles aliandikia makampuni madogo kwa malipo ya chini sana ukilinganisha na ya zamani. Aliandika haraka, mara nyingi usiku, amekaa ndani ya beseni kubwa la kuogea, ubao wa kuandikia mbele yake na sigara mdomoni. Mojawapo ya kazi hizo ni The Brave One, ya mtoto wa Mexico na fahali wake. Waliandika jina la Robert Rich. Mwaka 1957 Robert Rich akatangazwa mshindi wa Oscar... kimyaa, hakuna aliyetokea. Kiongozi wa chama cha waandishi akapanda kupokea kwa niaba yake. Kumbe Robert Rich alikuwa mpwa wa watayarishaji wa filamu ile, hajawahi kuandika skripti yoyote. Waandishi wa habari wakaanza kuuliza maswali, na Trumbo akawa anawachezea tu, hakubali wala hakatai. Nampenda hapo!

Mwaka 1960 jina lake likarudi kwenye filamu mbili, Exodus na Spartacus. Kuna waliopanga foleni nje ya sinema kupinga, lakini rais John Kennedy mwenyewe alikwenda kuiona Spartacus.

Oscar ya The Brave One alikabidhiwa mwaka 1975, mgonjwa, akafariki mwaka uliofuata. Ile ya Roman Holiday alipokea mjane wake, Cleo, mwaka 1993. Na jina lake kurudishwa rasmi kama mwandishi wa filamu hiyo ilikuwa mwaka 2011, filamu ikiwa na miaka 58.

Mimi nimenunua kaunta buku lingine. Safari hii jina langu nimeliandika kila ukurasa, kwa peni. Wadau mnaoandika filamu, nyie mnajilindaje? Tupeni uzoefu hapo chini.