India: Pulakeshin II, mfalme aliyemzuia Harsha akashindwa na jirani yake

Pulakeshin II, mfalme wa ukoo wa Chalukya, alitawala sehemu kubwa ya uwanda wa Deccan, inchini India, kuanzia karibu mwaka wa 610 mpaka 642. Chini yake ufalme ulifikia kilele cha nguvu zake. Chini yake pia, mji wake mkuu ulianguka mikononi mwa adui.

Mji huo, Vatapi, unaitwa leo Badami, katika jimbo la Karnataka. Babu yake, Pulakeshin I, alijenga ngome pale mwaka wa 543. Baba yake Kirtivarman alipokufa, Pulakeshin alikuwa angali mdogo, na baba yake mdogo, Mangalesha, akashika utawala. Kijana alipokomaa, aliona kwamba kiti kinatayarishiwa mtoto wa Mangalesha. Alikimbia, akakusanya askari, akarudi kwa vita. Mangalesha aliuawa.

Ugomvi huo wa jamaa uliwapa wafalme wadogo nafasi ya kuasi. Pulakeshin aliwarudisha chini ya utawala wake mmoja mmoja, kisha akatuma meli kushambulia mji wa Puri, kwenye pwani ya magharibi. Harsha, mfalme mwenye nguvu kuliko wote kaskazini mwa India, alipotaka kushuka kusini, Pulakeshin alimzuia karibu na mto Narmada. Ushindi huo umechongwa juu ya jiwe la hekalu la Aihole, mwaka wa 634.

Mtawa wa China, Xuanzang, aliyepita katika ufalme huo karibu mwaka wa 641, alieleza kwamba askari na tembo walinyweshwa pombe kabla ya vita. Jemadari aliyeshindwa hakuadhibiwa: alipewa nguo za kike, na wengi walijiua kwa sababu ya haya.

Lakini hatari ilikuwa karibu. Upande wa kusini, Pulakeshin alikuwa amemsukuma mfalme wa Pallava, Mahendravarman, mpaka ndani ya kuta za mji wake Kanchi, bila kuuteka. Mtoto wa Mahendravarman, Narasimhavarman, hakusahau. Alirudisha nyuma jeshi la Chalukya, akalifuata mpaka Vatapi, akauteka mji mwaka wa 642. Wanahistoria wengi wanaona kwamba Pulakeshin alikufa katika vita hivyo.

Vatapi ilikaa chini ya Wapallava kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka mtoto wake Vikramaditya alipoikomboa. Karibu mwaka wa 753, Dantidurga wa ukoo wa Rashtrakuta, waliokuwa chini ya Chalukya, aliwaangusha.

Tawi moja lilibaki. Pulakeshin alikuwa amempa ndugu yake Vishnuvardhana inchi ya Vengi, upande wa mashariki. Wazao wa ndugu huyo waliitawala mpaka karne ya 11, miaka mia tatu kisha Vatapi kunyamaza.