Padre Alexis Kagame, Msikilizaji wa Lugha ya Watu Wake

Padre Alexis Kagame alizaliwa mwaka 1912 huko Kiyanza, nchini Rwanda, katika ukoo uliotunza kumbukumbu za historia ya ufalme. Alipewa daraja la upadre mwaka 1941. Kwa miaka mingi aliketi na wazee, akiandika mashairi na masimulizi yaliyohifadhiwa vifuani mwao tu.

Nyakati zile wageni wengi waliamini kwamba watu wasio na maandishi hawana falsafa. Padre Placide Tempels, Mfransisko Mbelgiji aliyefanya utume Katanga, aliipinga dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu falsafa ya Wabantu. Hata hivyo, mgeni ndiye aliyemsemea mwenyeji.

Kagame alilichukua suala hilo katika tasnifu yake ya udaktari, Chuo Kikuu cha Gregoriana, Roma, mwaka 1955. Ushahidi wake aliutafuta katika sarufi ya Kinyarwanda. Humo aliona vyote vilivyopo vimepangwa katika makundi manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu, yaani mtu, kitu, mahali pamoja na wakati, na namna. Sisi Waswahili twasikia mara moja shina lile lile katika mtu na kitu. Mwaka 1976 alichapisha kitabu kilicholinganisha lugha nyingi za Kibantu.

Alitunga pia utenzi mrefu wa Kikristo kwa Kinyarwanda, akimsifu Muumba kwa mtindo wa ushairi wa jadi.

Hakukosa wapinzani. Paulin Hountondji wa Benin alishikilia kwamba falsafa ni kazi ya mtu anayefikiri na kuhojiwa, wala si mawazo ya pamoja yaliyofichika katika lugha. Hoja hiyo ni nzito. Lakini Kagame alikuwa amekwisha kuyaleta maneno ya Kiafrika mezani, yajadiliwe na wasomi wa mataifa yote.

Alifariki dunia Nairobi, tarehe 2 Desemba 1981.

Ndugu wapendwa, maisha yake yanatuachia wajibu. Injili humfikia mtu kwa maneno ambayo tayari yamebeba fikra za mababu zake. Mhubiri asiyezijua fikra hizo huitikiwa Amina na midomo tu. Basi, kabla ya kumfundisha jirani wa kabila lingine, tumwombe kwanza atufundishe anavyouita uhai, undugu na Mungu.