Lenana: Laiboni Kati ya Kibuyu na Mkataba

Ni nadra kwa mkazi wa Nairobi kupitisha wiki nzima bila kulisikia jina la Lenana. Ipo Barabara ya Lenana mtaani Kilimani. Ipo Shule ya Lenana kandokando ya Barabara ya Ngong, ambayo ilianzishwa mwaka 1949 ikiitwa Duke of York. Kipo pia kilele cha Lenana katika Mlima Kenya, chenye kimo cha mita 4,985. Hata hivyo, wengi walitajao jina hili hawajui mwenyewe alikuwa nani, wala aliishi kwa kazi gani. Makala haya yanakusudia kuyasimulia maisha yake kwa kuvitazama vifaa vya kazi yake, kwani humo ndimo ilimokuwa nguvu yake, na humo pia ndimo ulimokuwa mpaka wa nguvu hiyo.

Lenana, au Olonana kama wanavyomwita Wamaasai, alikuwa mwana wa Mbatian, laiboni mashuhuri aliyefariki takriban mwaka 1890. Walikuwa wa ukoo wa Inkidongi, na jina la ukoo huo linahusiana na enkidong, yaani kibuyu cha kuwekea vijiwe vya kuagulia. Mafundi hujulikana kwa zana zao, lakini ni wachache ambao ukoo wao mzima umeitwa kwa jina la zana.

Vifaa vya laiboni mkuu vilikuwa rungu la chuma, pembe ya dawa, kibuyu, vijiwe na mkoba. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu kuhusu Wamaasai mwaka 1905, anazitaja njia nne za uaguzi: kumimina vijiwe kutoka katika pembe na kuvihesabu, kuchunguza matumbo ya mbuzi, kunywa pombe hadi maono yaje, na kufasiri ndoto. Vifaa vya aina hii si vya Afrika peke yake. Wafuasi wa Wicca, dini iliyotangazwa nchini Uingereza na Gerald Gardner katika miaka ya 1950, wana kisu, kikombe na fimbo zao, na wengine hutenga kisu maalumu cha kukatia mitishamba. Tofauti ni kwamba mfuasi wa Wicca anaweza kujitengenezea au kununua vyake, ilhali enkidong ilikuwa ya kurithiwa. Anayekipokea kibuyu alipokea pia baraka za baba.

Kuhusu mitishamba, maarifa hayakuwa ya laiboni pekee. Morani walichemsha mizizi na magome ya olkiloriti pamoja na nyama ili wapate nguvu. Gome chungu la osokonoi lilitafunwa kwa kikohozi na maumivu ya tumbo. Majani ya oleleshwa yenye harufu nzuri yalitumiwa kama marashi na matandiko. Mchumaji alipaswa kuwa na adabu ya mkono, kwa maana mti unaobambuliwa gome pande zote hufa. Alichokuwa nacho laiboni zaidi ya wengine ni kauli ya kuifanya dawa iwe kinga ya vita, mvua au jando.

Masimulizi yanaeleza kwamba Mbatian, alipoiona siku yake inakaribia, alimwagiza mwanawe mkubwa, Senteu, aje alfajiri apokee vifaa. Lenana aliyasikia maneno hayo akiwa amejificha katika banda la ndama. Akamtangulia kaka yake kungali na giza, na mzee mwenye jicho moja akamkabidhi urithi. Msomaji wa kitabu cha Mwanzo atawakumbuka Yakobo na Esau. Iwapo kisa hiki ni historia au ni hadithi iliyofinyangwa baadaye, wasomi wa fasihi simulizi watajadili. Lililo wazi ni kwamba ndugu hawa walipigana kwa miaka mingi, na Senteu hakurudi kwa amani hadi mwaka 1902.

Vita hivyo vilikuja wakati mbaya mno. Sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe, na ndui na njaa zikafuata. Katikati ya miaka ya 1890 wafuasi wa Lenana walitafuta hifadhi kwa Waingereza wa Fort Smith, ngome iliyojengwa Kabete. Mganga hajigangi. Vijiwe havikuweza kurudisha mifugo iliyokufa, na Lenana akamchagua mshirika mwenye bunduki na chakula. Mwaka 1899 reli ilifika katika bwawa ambalo Wamaasai waliliita Enkare Nairobi, maji baridi, na mji ukazaliwa mahali walipokuwa wakinyweshea mifugo.

Hapa ndipo suala la istilahi linapokuwa suala la ardhi. Waandishi wa kikoloni walimwita Lenana mganga katika ukurasa mmoja na chifu mkuu katika mwingine. Kwa desturi, laiboni aliagua, alibariki na kushauri, hakutawala. Mambo ya malisho na vita yaliamuliwa na mabaraza ya marika pamoja na wasemaji wao. Waingereza walihitaji mtu mmoja wa kutia alama kwenye karatasi, wakampa mwenye kibuyu cheo ambacho kibuyu hakikuwa nacho.

Karatasi hiyo ilikuja Agosti 1904. Wamaasai waliondolewa katika malisho ya Bonde la Ufa, wakagawanywa katika maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini. Masharti yalipita kwa wakalimani wa Kiswahili na wa Kimaasai. Maili tano za mraba ziliachwa huko Kinangop kwa ajili ya sherehe za jando. Ahadi ilikuwa kwamba mkataba ungedumu maadamu Wamaasai wapo duniani. Haukudumu hata miaka saba.

Mwaka 1909 serikali hiyohiyo ilitunga sheria ya kupiga vita uchawi, huku ikiendelea kumtambua laiboni kama chifu. Lenana alifariki tarehe 7 Machi 1911. Maofisa wakadai kwamba alipokuwa akikata roho aliwausia Wamaasai wa kaskazini wahamie kusini. Wengi waliutilia shaka wosia huo, na Legalishu, kiongozi wa kaskazini, alikuwa amepinga uhamisho. Tarehe 4 Aprili mwaka huo mkataba wa pili ukatiwa alama, na miongoni mwa walioutia alama ni Segi, mwana wa Lenana, ambaye alikuwa kijana mdogo. Laikipia ikawa ya walowezi. Wamaasai walikwenda mahakamani, na mwaka 1913 wakaambiwa kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya dola mbili, hivyo mahakama haikuwa na uwezo wa kuisikiliza. Walikuwa dola siku ya kunyimwa haki, na raia wa kutawaliwa siku nyingine zote.

Je, Lenana alikuwa msaliti au mwokozi? Jibu la haraka halitamtendea haki. Aliwavusha watu wake katika miaka ya tauni, na ushirika uliowavusha ndio uliofungua mlango wa kuwapokonya ardhi. Kwetu sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili, funzo moja halina utata. Lugha yetu ilikuwapo pale neno laiboni lilipogeuzwa kuwa chifu, na kosa hilo la tafsiri liligharimu mamilioni ya ekari. Tunapoandika kamusi na vitabu vya historia, tumwite laiboni kwa jina lake: mwaguzi na mbariki, wala si mchawi, wala si mfalme. Jina limekwisha kuandikwa kwenye kibao cha barabara. Maana yake ndiyo iliyobaki mikononi mwetu.