Taytu Betul: Malkia Aliyeukataa Mkataba

Habari za Mangi Meli si ngeni kwetu tunaoishi mageto ya Shirimatunda. Mwaka 1892 aliwapiga Wajerumani, mwaka uliofuata wakarudi na nguvu kubwa zaidi, na tarehe 2 Machi 1900 wakamnyonga pale Tsuduni, Old Moshi. Ndiyo maana swali hili halikosi vijiweni: hivi hakuna Waafrika waliowashinda wakoloni moja kwa moja?

Wapo. Miaka minne na siku moja kabla Meli hajanyongwa, yaani 1 Machi 1896, Waethiopia waliwachakaza Waitalia pale Adwa. Na kwenye uwanja ule alikuwapo mwanamke, Malkia Taytu Betul.

Taytu alizaliwa mnamo 1851 katika ukoo wa watawala wa kaskazini mwa Ethiopia. Alijua kusoma na kuandika, jambo nadra kwa wanawake wa zama zake. Mwaka 1883 aliolewa na Menelik, aliyekuwa mfalme wa Shewa. Miaka michache baadaye alipapenda mahali penye chemchemi za maji moto, akajenga hapo nyumba, na mji uliokua akauita Addis Ababa, maana yake ua jipya.

Mwaka 1889 Menelik akawa mfalme wa Ethiopia yote, akasaini mkataba wa Wuchale na Italia. Hapo ndipo mchezo ulipochezwa. Nakala ya Kiamhari ilisema Ethiopia inaweza kuitumia Italia kuwasiliana na mataifa mengine. Ya Kiitaliano ilisema ni lazima. Kwa neno moja tu nchi nzima ikawa nchi lindwa ya Italia kwenye karatasi! Mjumbe wa Italia alipokuja kubembeleza, Taytu alikuwa mgumu kuliko wote barazani. Mwaka 1893 Menelik akautupilia mbali mkataba ule, na Italia, iliyokuwa imeshaishika Eritrea, ikaamua kutumia mtutu.

Taytu naye akaingia vitani na askari wake mwenyewe. Kule Mekelle, Waitalia walijifungia ngomeni, na kila shambulio likaishia kwa vifo vya Waethiopia. Taytu akashauri wakamate chemchemi za maji. Kabla Januari 1896 haijaisha, kiu ikawatoa Waitalia ngomeni. Pale Adwa aliwatia moyo wapiganaji waliotaka kurudi nyuma, huku wanawake aliokuja nao wakibeba maji na kuhudumia majeruhi. Oktoba mwaka huohuo Italia ikaukubali uhuru wa Ethiopia.

Wachoraji wa Ethiopia hawakumsahau. Kwenye michoro ya Adwa yupo juu ya farasi, bastola mkononi. Kwa desturi ya sanaa yao, watu wema huonyeshwa uso mzima, macho yote mawili, na adui huonyeshwa upande, jicho moja. Mchoro mmoja wa vita hivyo uko British Museum, London.

Menelik alipougua, Taytu aliendesha nchi hadi 1910, wakubwa walipomng'oa. Alifariki Februari 1918.

Bastola inapendeza mchorani, sawa. Lakini vita yake ya kwanza ilikuwa juu ya neno moja kwenye karatasi. Msomi mwenzangu, kabla hujasaini fomu ya mkopo au mkataba wa geto, soma mpaka mstari wa mwisho.