Frank Weston, Askofu wa Unguja

Frank Weston alizaliwa mjini London mwaka 1871. Alisoma Oxford, akafaulu sana, kisha akawa kasisi katika mitaa ya maskini. Mwaka 1898 alivuka bahari akaja Unguja, mwaka mmoja baada ya Sultani kuondoa utumwa katika sheria. Aliabudu katika kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali pale pale palipokuwa na soko la watumwa hata lilipofungwa mwaka 1873. Tangu mwaka 1901 alikuwa mkuu wa chuo cha Kiungani, nje ya mji, na mwaka 1908 akafanywa Askofu.

Vita vilipoanza mwaka 1914, majeshi ya Waingereza yalihitaji wapagazi, kwa kuwa huko bara wanyama wa mizigo walikufa kwa mbung'o. Wapagazi wengi mno walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Mwaka 1916 Askofu alikusanya wapagazi wa Unguja, wala hakuwapeleka peke yao. Akapewa cheo cha meja, akavuka nao, akaenda nao kwa miguu.

Baada ya vita, mwaka 1919, serikali ya Kenya iliwaagiza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu. Lakini nani asiyejua kwamba himizo la mkubwa ni shuruti? Viongozi wengine wa makanisa waliikubali amri ile kwa masharti; Weston aliikataa kabisa. Mwaka 1920 aliandika kitabu kidogo, akawaonya Waingereza ya kuwa taifa lililojisifu kwa kuvunja utumwa linaurudisha kwa mlango wa nyuma. Mwaka uliofuata serikali ya London ikawakataza maofisa wake kuwatafutia wenye mashamba wafanya kazi.

Mwaka 1923 aliongoza mkutano mkubwa wa Wakristo London. Wengi walikuja kusikia habari za ibada. Yeye akawafundisha ya kuwa anayemwabudu Yesu madhabahuni hana budi kumhurumia katika maskini wa mitaani.

Alikufa Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924.

Basi, mwanafunzi, ukitaka kuijua imani ya mtu, usisikilize midomo yake tu. Tazama miguu yake imekwenda wapi, na imekwenda pamoja na nani.