Pierre Curie, Mwanafunzi wa Mwendo wa Polepole

Pierre Curie alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 15 Mei, 1859. Baba yake, aliyekuwa daktari, alitambua kuwa fikra za mtoto huyu hutua juu ya jambo moja kwa muda mrefu, wala haziwezi kurukaruka kuifuata kengele ya darasa. Hivyo hakumpeleka shule. Alifundishwa nyumbani, na mara nyingi kondeni, kwa kutazama mimea na wanyama. Alipotimiza miaka 14 alipata mwalimu hodari wa hisabati, na katika umri wa miaka 18 alikwisha pata shahada ya sayansi.

Mwaka 1880 yeye na kaka yake, Jacques, walichunguza fuwele, yaani vitu vigumu ambavyo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu. Katika fuwele nyingi kila chembe ina mwenzake ng'ambo ya kitovu, kwa umbali ule ule. Fuwele ya kwatzi haina kitovu cha namna hiyo. Ndugu hao waligundua kuwa ikibanwa hutoa umeme. Penye kitovu, badiliko la upande mmoja hufutwa na la upande wa pili. Pasipo kitovu, chaji chanya na hasi huachana.

Tangu 1882 Curie alifundisha katika Shule ya Fizikia na Kemia, Paris. Mwaka 1903 alitunukiwa Nishani ya Nobel pamoja na mkewe Marie na Henri Becquerel. Aligongwa na gari la farasi akafa tarehe 19 Aprili, 1906.

Kazi yake haikufa. Mwanafunzi wake, Paul Langevin, aliitumia kwatzi kupeleka sauti majini. Mwangwi wa sauti za aina hiyo umetumika kukadiria wingi wa samaki katika Ziwa Viktoria. Mwaka 2004 ilitangazwa fuwele isiyo na kitovu, ya seriamu, platinamu na silikoni, ambayo katika baridi kali hupitisha umeme pasipo ukinzani wowote.

Mwalimu wa Nyakato aweza kulianza somo hili kwa karatasi mbili. Mraba ukizungushwa nusu mzunguko huonekana kama ulivyokuwa. Pembetatu hugeuka, ncha ikatazama chini. Waulize watoto sababu, kisha usubiri. Atakayekawia kujibu asiitwe mzito; huenda bado anatazama.