Bradlaugh na Kiapo Alichonyimwa

Shahidi apandapo kizimbani, jambo la kwanza ni kiapo. Mwislamu hushika Msahafu, Mkristo hushika Biblia, na kila mmoja akaapa kwa kile anachokitukuza. Sisi watu wa pwani twaujua uzito wa jambo hilo tangu chuoni. Yamini si maneno ya kupitisha ulimini. Aapaye kwa makusudi kisha akavunja yamini yake hudaiwa kafara: kulisha masikini kumi au kuwavisha, na asiyekuwa na uwezo hufunga siku tatu.

Lakini je, mtu asiyeamini kuwa yuko Mungu wa kumwapia, mahakama imfanyeje? Swali hilo lilimwandama Mwingereza mmoja karibu umri wake wote, na jawabu lake limefika hata katika mahakama zetu.

Charles Bradlaugh alizaliwa tarehe 26 Septemba 1833 huko Hoxton, mashariki ya London. Baba yake alikuwa karani wa wakili, na kipato chake kilikuwa haba. Mtoto aliacha skuli akiwa na miaka 11, akawa tarishi katika ofisi ile ile ya baba yake. Siku za Jumapili alifundisha watoto kanisani. Kasisi wake akamtaka ajitayarishe kwa ziara ya Askofu, naye kijana katika kudurusu akaona Injili na kanuni za kanisa lake hazipatani mahali fulani. Akamwandikia kasisi ili aelezwe. Jibu halikuja, ila adhabu: alisimamishwa kufundisha, na baba yake akaambiwa kuwa mwanawe amemkana Mungu. Kumbe wakati ule hakuwa amekana, alikuwa akiuliza tu. Kabla ya kutimiza miaka 17 alikwisha toka nyumbani kwao, akapokelewa na watu wasiokuwa na dini. Huko ndiko alikokana kweli.

Mwaka 1850 ufukara ulimtia jeshini, akapelekwa Ireland. Mwaka 1853 alipata urithi mdogo wa jamaa yake, akajikomboa kwa fedha hizo, akarudi London kuwa karani wa wakili. Hapo ndipo alipoijua sheria kama mvuvi aijuavyo bahari. Alikuwa pande la mtu, mwenye sauti nene, na watu walijaa kumsikiliza. Mwaka 1866 aliunda chama cha kitaifa cha wasiofuata dini.

Sheria ya Uingereza ya siku zile ilikuwa hivi: bila kiapo hapana ushahidi. Waislamu walikubaliwa kuapa kwa Kurani tangu karne ya 18. Wakristo wa madhehebu ya Quaker, ambao dini yao yakataza kuapa, waliruhusiwa kutoa tamko la kweli badala ya kiapo. Aliyebaki nje ni mkana Mungu. Yeye hata akidhulumiwa, mahakama haikumsikiliza. Bradlaugh mwenyewe alikwenda kudai fedha zake mahakamani, na ushahidi wake ukakataliwa kwa sababu ya itikadi yake.

Hebu tazama, ndugu msomaji, mizani hiyo ilivyopinda. Asiyeamini aliye mwongo alishika Biblia, akaapa, akasikilizwa. Asiyeamini aliye mkweli alisema wazi kuwa haamini, akafukuzwa. Sheria iliyowekwa kuulinda ukweli ilimwadhibu mtu kwa kusema kweli. Ndipo zikapitishwa sheria za mwaka 1869 na 1870, zilizomruhusu shahidi wa namna hiyo kutoa tamko mbele ya hakimu.

Hayo yalikuwa ya mahakamani. Bungeni mambo yalikuwa mengine. Mwaka 1880 watu wa Northampton walimchagua Bradlaugh kuwa mbunge wao, naye akaomba atoe tamko badala ya kiapo. Akakataliwa. Akasema basi ataapa kama wengine. Akakataliwa tena, kwa hoja kwamba kiapo cha asiyeamini ni dhihaka. Na hapa lazima tuseme haki: waliompinga hawakukosa la kushika. Yeye mwenyewe alikwisha andika kuwa maneno yale ya dini hayana maana kwake, ingawa ahadi iliyomo itamfunga. Mtu wa namna hiyo kuomba kuapa kuliwatia shaka hata baadhi ya rafiki zake.

Tarehe 23 Juni 1880 alikaidi amri ya kutoka, akafungwa usiku mmoja katika mnara wa saa wa Bunge. Baadaye aliruhusiwa kutoa tamko kwa dhamana yake mwenyewe, lakini mwaka 1881 mahakama ikaamua kuwa hakuwa na haki hiyo, akapoteza kiti. Wapigaji kura wakamrudisha. Agosti mwaka huo maaskari na watumishi wa Bunge walimburura hadi nje, nguo zikamraruka. Mwaka 1882 alijiapisha mwenyewe, akafukuzwa, akachaguliwa tena. Mwaka 1883 serikali ya Gladstone ilileta mswada wa kumruhusu, ukashindwa kwa kura tatu tu. Northampton haikuchoka: ilimchagua tena mwaka 1884, na tena mwaka 1885.

Januari 1886 Spika mpya, Arthur Peel, hakumruhusu mtu yeyote kuingilia kati. Bradlaugh akaapa, akaketi. Miaka miwili baadaye, 1888, alipitisha sheria iliyomruhusu asiyekuwa na dini, na yule ambaye dini yake yamkataza kuapa, kutoa tamko badala ya kiapo, bungeni na mahakamani. Mvumilivu hula mbivu.

Bungeni aliwatetea sana Wahindi, na mwaka 1889 alikwenda Bombay kuhudhuria mkutano wa chama chao cha Congress. Alipokuwa mahututi, Januari 1891, Bunge lilifuta katika kumbukumbu zake azimio la kumzuia. Yeye hakuweza tena kuifahamu habari hiyo. Alifariki tarehe 30. Miongoni mwa waliokwenda maziarani alikuwa mwanafunzi kijana wa sheria, Mohandas Gandhi, mtu wa dini aliyekwenda kumzika asiyekuwa nayo.

Sheria ya viapo ya Kenya, Sura ya 15, imefuata njia hiyo hiyo. Asiyekuwa na dini, na yule ambaye dini yake yamkataza kuapa, wote wawili waruhusiwa kutoa tamko, na wakisema uongo hushitakiwa sawa na aliyeapa.

Sisi tunaoamini hatukupoteza kitu kwa hayo. Jina la Mwenyezi Mungu halipati utukufu kwa kulazimishwa kinywani mwa asiyemjua. Yamini ibaki kwa mwenye kuiogopa, na asiyeiogopa atoe ahadi yake mbele ya sheria. Na sisi tunaoshika Msahafu, haya na tujiulize kama maneno yetu kizimbani yanalingana na uzito wa tulichoshika.